Otieno Yupi? Mazungumzo Kuhusu Daftari la Ufuoni

  

Leo nina habari ya madaftari. Ninazungumzia yale madaftari makubwa ya jalada gumu yanayokaa kwenye ofisi za BMU, vikundi vyetu vya usimamizi wa fuo za Ziwa Victoria upande wa Kenya, vilivyopewa nguvu ya kisheria na kanuni za 2007. Siku hizi vijana waliosomea kompyuta wanaitwa ufuoni ili wayahamishie madaftari hayo kwenye mashine. Ni kazi njema na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Linalonisumbua ni pale inapoanzia. Mara nyingi inaanza na ununuzi wa laptopu, kisha ubishi kuhusu programu ipi itumike, na miezi michache baadaye daftari lile lile limerudi mezani kwa sababu mashine "inachanganya watu". Mashine haichanganyi watu. Watu walikuwa wamechanganyika tangu kwenye karatasi, ila katibu alikuwa akiwatenganisha kwa kichwa chake.

Chukua ukurasa kama huu. Nimeutunga mwenyewe, lakini aliyewahi kushika daftari la ufuoni ataujua mara moja. Mstari wa kwanza: "Otieno, mbuta 14, deni 600." Wa pili: "Otieno, ngege karai 1, amelipa." Wa tatu: "Otieno wa Rusinga, mbuta 9." Pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Angalia nyuma." Katibu wa ufuo anausoma ukurasa huo bila shida. Anajua Otieno wa kwanza ni yule mrefu mwenye injini ya kukodi, na wa pili ni kijana wake. Siku katibu akiugua, au uchaguzi ukimleta katibu mpya, ile 600 inakuwa ya nani?

Kwetu huku katika nchi ya Waluo jina hubeba wakati wa kuzaliwa. Aliyezaliwa usiku ni Otieno au Atieno, wa asubuhi ni Okinyi au Akinyi, wa jua kali ni Ochieng au Achieng, na wa wakati wa mvua ni Okoth au Akoth. Ni urithi mzuri na sitaki mtu auguse. Lakini saa za siku ni chache na watoto ni wengi, kwa hiyo ufuo wenye wavuvi mia hauwezi kukosa akina Otieno kadhaa. Ongeza jina la ubatizo na jina la baba, ambayo leo yanaandikwa kwa mpangilio huu na kesho kwa mwingine. Ongeza pia kwamba mchuuzi anayejulikana na ufuo mzima kama Mama Akinyi ana jina tofauti kabisa kwenye kitambulisho chake. Ukiiambia kompyuta kwamba jina ndilo mtu, ama itawafanya watu watatu kuwa mmoja, ama itamfanya mtu mmoja kuwa watatu. La kwanza linamwonea mtu kwa deni lisilo lake. La pili linamwezesha mtu mmoja kukopa mara tatu.

Wanaojenga hifadhidata huanza kwa kutafuta ufunguo, yaani kitu kimoja kinachomtambulisha huyu na hakimtambulishi mwingine yeyote, leo wala miaka 10 ijayo. Vijana wetu wakiulizwa ufunguo uwe nini, jibu la haraka huwa namba ya simu. Ninaelewa kwa nini. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu imekuwa kama jina la pili la kila mtu. Lakini laini hupotea. Laini iliyokaa bila kutumika huuzwa tena kwa mtu mwingine. Kuna nyumba ambazo mume na mke wanatumia simu moja, na kuna mfanyabiashara mwenye laini tatu. Namba ya simu ni anwani ya kumpata mtu, nayo anwani hubadilika.

Basi kitambulisho cha taifa? Hicho ni imara zaidi, lakini Kenya hukitoa kuanzia miaka 18, na wapo waliofikisha umri huo ambao bado wanakifuatilia. Tena ziwa hili ni la nchi tatu. Mfanyabiashara kutoka Uganda au Tanzania anayenunua omena hapa hana kitambulisho cha Kenya, na hilo halimfanyi asiwe na deni. Mwingine atasema tuunganishe jina, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama. Hapo ninamkumbusha Opiyo na Odongo, pacha wetu: tarehe moja, mama mmoja, ufuo mmoja, pengine hata mtumbwi mmoja. Na wako wazee wengi ambao vyeti vyao vinasema walizaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu tu aliyewaandika hakuijua tarehe.

Ushauri wangu ni ufuo utoe namba yake wenyewe. Wa kwanza kusajiliwa awe 1, wa pili 2, na kuendelea. Namba hiyo isibebe maana yoyote. Hapa ndipo wataalamu wachanga wanaponogewa na ubunifu: wanataka namba ionyeshe ufuo, mwaka wa kujiunga, na kama mtu ni mwenye mtumbwi au ni baria, yaani mfanyakazi wa mtumbwini. Inapendeza hadi siku baria anaponunua mtumbwi wake. Je, abadilishiwe namba? Ukiibadilisha umekata kamba inayomuunganisha na rekodi zake zote za nyuma. Usipoibadilisha, namba yenyewe inasema uongo. Namba isiyo na maana haiwezi kusema uongo. Na mwenyewe akifariki, namba yake isipewe mtu mwingine.

Mambo mengine yote yakae chini ya namba hiyo: jina la kitambulisho, jina analoitwa ufuoni, simu ya sasa, kazi anayofanya. Msiyadharau majina ya ufuoni. Mpeni Mama Akinyi safu yake ya "anaitwa", kwa sababu ndilo jina ambalo katibu mpya atalisikia saa 12 asubuhi watu wakiwa wamezunguka mizani.

Mpango huu wa namba tayari umefanyika hapa kwetu, na kwa ukubwa. Kuanzia 2001, taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, ikishirikiana na CDC ya Marekani, ilianza kufuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa watu huko Asembo, kisha Gem, na baadaye Karemo, katika Siaya. Kila mkazi alipewa namba ya kudumu, na wahojaji walirudi nyumba kwa nyumba mara kadhaa kwa mwaka. Fikiria ugumu wake katika nchi ya Waluo. Dala moja, yaani boma, ina bwana mwenye wake wawili au watatu, na kila mke ana nyumba yake. Binti anaolewa kijiji cha tatu, halafu anarudi kwa wazazi akiwa na mtoto. Kama utambulisho wa binti huyo ungekuwa "mke wa fulani", siku ya kuondoka angetoweka kwenye rekodi, na siku ya kurudi angehesabiwa kama mgeni aliyeshuka kutoka mbinguni. Namba yake ndiyo inayomfuata, nayo ndoa, nyumba na kijiji vinaandikwa kama mambo yaliyompata, kila jambo na tarehe yake.

Kwa njia hiyo hiyo tunafika kwenye mtumbwi. Madaftari mengi yana safu moja iliyoandikwa "mtumbwi na mwenyewe". Mtumbwi una namba ya usajili iliyopakwa ubavuni, vizuri. Lakini mwenyewe si sehemu ya mtumbwi. Ndugu wawili wanaweza kuchanga na kununua mtumbwi mmoja, na tajiri mmoja anaweza kuwa na mitumbwi minne. Injini inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, na nyavu za mwingine tena. Hilo si dogo, kwa sababu mgawo wa pato hufuata vitu hivyo: hutolewa gharama za safari, kisha wenye vyombo wapate chao na mabaria wapate chao. Ukivisonga vyote kwenye safu moja, siku mtumbwi ukiuzwa utafuta jina la zamani uandike jipya, na papo hapo samaki wote waliovuliwa wakati wa mmiliki wa zamani wanageuka kuwa wa mmiliki mpya. Nusu ya ugomvi wa mgawo ningeuweka hapo.

Kwa hiyo yawepo majedwali tofauti. La watu. La mitumbwi. La tatu dogo, la umiliki, lenye safu nne tu: namba ya mtu, namba ya mtumbwi, tangu lini, hadi lini. Halafu la safari na la samaki walioletwa. Aliyetufundisha kufikiri hivi ni Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya IBM kule San Jose, California. Mwaka 1970 alichapisha makala ya kurasa 11 akieleza kwamba data zote zinaweza kupangwa katika majedwali yanayohusiana, na kwamba jambo linalorudiwarudiwa mahali pengi ni mlango wa data kupingana. Hifadhidata nyingi za benki, za hospitali na za kampuni za simu zimesimama juu ya wazo hilo. Nalo linatosha kwenye daftari la ufuo wa Dunga au wa Usenge bila umeme wowote: chora majedwali hayo kwa rula, na kila habari iandikwe mahali pamoja tu.

Sasa tuangalie samaki wenyewe. Daftari la kawaida lina safu ya mbuta, safu ya ngege na safu ya omena. Anakuja mvuvi na kamongo. Wa pili ana mumi. Wa tatu ana fulu, ambao wengi walidhani wamekwisha ziwani. Hakuna safu, kwa hiyo katibu anaandika pembeni, au anamtia kamongo kwenye safu ya ngege ili siku ipite. Dawa yake si kuongeza safu kila samaki mpya akitokea. Mpe kila samaki aliyeletwa mstari wake: safari namba fulani, aina ya samaki, kiasi, kipimo, bei. Aina zikae kwenye orodha yao ya pembeni, na samaki mpya akija unaongeza jina moja tu kwenye orodha.

Mfano mkubwa wa jambo hili haukuzaliwa mbali. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Programu ya tiba ya AMPATH ilipopanuka kuwahudumia maelfu ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, mfumo wa mwanzo ukazidiwa. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa taasisi ya Regenstrief, Indiana, pamoja na wenzao wa Eldoret, walianza kujenga mfumo mpya ulioitwa OpenMRS. Kiini chake ni kamusi ya dhana. Kila kipimo na kila swali la daktari ni mstari ndani ya kamusi, kwa hiyo swali jipya likija hubomoi jedwali wala humwiti mtaalamu kutoka ng'ambo. Unaongeza mstari. Leo OpenMRS inatumika katika nchi nyingi, na ndiyo msingi wa KenyaEMR, mfumo unaotumika katika vituo vingi vya afya vya hapa nchini, hata huku kwetu. Ninaitaja kwa fahari, kwa sababu mpangilio huu ulikomaa katika kliniki za magharibi ya Kenya, penye foleni ndefu na umeme wa kukatikakatika, chini ya mahitaji yetu wenyewe.

Kuna jambo ambalo ningependa kila katibu wa BMU anisikilize kwa makini, nalo ni sifuri.

Gugumaji likisukumwa na upepo likaufunga ufuo, mitumbwi haitoki. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa omena hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki kwenye usiku mweupe. Kati ya Aprili na Julai uvuvi wa omena hufungwa kwa kanuni. Siku hizo zote katibu anaandika nini? Mmoja anaandika 0. Mwingine anachora mstari. Wa tatu anaacha wazi, kama alivyoacha wazi siku aliyokwenda mazishini. Halafu daftari linaingizwa kwenye kompyuta, na kijana mwenye haraka anajaza sifuri kila palipo wazi.

Fanyeni hesabu nami. Mitumbwi minne inaangaliwa ufuoni. Mmoja umeleta kilo 30, wa pili 20, wa tatu 10, na wa nne haukutoka. Iliyotoka ni mitatu na wastani wake ni kilo 20. Ukiuandikia wa nne sifuri, wastani unashuka hadi 15. Sasa chukua wastani huo uuzidishe kwa mitumbwi 100 iliyotoka ziwani siku hiyo: badala ya kilo 2,000 unapata 1,500. Kilo 500 za samaki zimepotea, na hakuna aliyeziiba. Na makadirio ya ziwa zima hukokotolewa kwa njia inayofanana na hii. Tangu 2000 nchi tatu zimekuwa zikihesabu mitumbwi, injini na nyavu karibu kila baada ya miaka miwili, halafu wastani wa samaki kwa kila mtumbwi hupatikana kwa kupima katika fuo zilizochaguliwa, ndipo vinazidishwa. Hesabu hizo hutumiwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja, ambalo mkataba wake ulitiwa saini hapa hapa Kisumu mwaka 1994. Kutokana nazo watu hujadili kama mbuta wanapungua na kama nyavu zipigwe marufuku. Sifuri ya katibu inafika mbali.

Basi tenganisheni mambo matatu. "Alitoka, hakupata" ni sifuri. "Hakutoka" si sifuri, na sababu iandikwe kwa neno moja: gugu, mwezi, dhoruba, kufungwa. "Sikuandika" ni jambo la tatu, na katibu asione aibu kuliandika hivyo, kwa sababu pengo linalojulikana linaweza kukadiriwa, lakini pengo lililofunikwa linadanganya kila anayekuja baadaye.

Saa nazo zina mtego wake. Mtumbwi wa omena unatoka saa 12 jioni na kurudi saa 12 asubuhi. Katibu anaandika 12 na 12. Kompyuta inasoma 12 kama adhuhuri, au usiku wa manane, na safari inakuwa imeanza na kwisha kwa dakika ile ile. Andikeni 18:00 na 06:00, kisha kubalianeni kama ufuo kwamba tarehe ya samaki ni tarehe ya kupimwa nchi kavu. Mkikubaliana vingine ni sawa pia, mradi iwe moja kwa wote na iandikwe kwenye jalada la ndani.

Vipimo nitavigusa tu. Karai si kilo, gorogoro si kilo, na debe la omena mbichi halilingani na debe la omena kavu. Msibadilishe kichwani kabla ya kuandika. Andikeni 3 katika safu ya kiasi, na "karai" katika safu ya kipimo. Kugeuza kuwa kilo kufanyike baadaye, kwa kiwango kilichopimwa na kukubaliwa.

Deni linahitaji ukali zaidi. Madaftari mengi yana safu ya "salio" ambayo hufutwa na kuandikwa upya kila mtu anapolipa. Mimi ningeiondoa kabisa. Andika tukio tu: tarehe, namba ya mtu, amekopa 600, tarehe, namba ile ile, amelipa 200. Salio lijumlishwe kila linapoulizwa. Ukikosea usifute wala usipake dawa nyeupe. Andika mstari mwingine unaosahihisha ule wa kwanza, na sababu yake. Mwanachama akija na hasira kwamba alishalipa, mtafungua na kusoma historia nzima pamoja, mstari kwa mstari, badala ya kubishana juu ya tarakimu moja ambayo hakuna anayekumbuka ilifikaje pale.

Na mkishahamia kwenye kompyuta, nakala ya data isikae kwenye laptopu ile ile. Fuo zetu zina maji, mchanga na wezi.

Kuna wanaoniuliza, kwa nini tujisumbue, ilhali takwimu zinachukuliwa na serikali na watafiti na hazirudi? Swali hilo ni la haki, na linaniuma. Kwa miaka mingi watu wa ufuo wamesimama juani wakijibu maswali ya watu wenye fomu, na ripoti zikachapishwa mahali wasipofika. Lakini daftari la ufuo ni la ufuo. Mama anayenunua omena ana haki ya kuliuliza: Agosti iliyopita, juma la kwanza baada ya uvuvi kufunguliwa, karai iliuzwa bei gani? Baria ana haki ya kuliuliza: nilitoka mara ngapi mwezi huu, na samaki walikuwa wangapi? Jedwali lililopangwa vizuri linajibu maswali hayo kwa dakika chache, na majibu yake yana nguvu mezani kwa wakala wa kiwanda na kwa ofisi ya kaunti.

Haki hiyo ina mpaka wake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataa habari za mtu kumwagwa hovyo, na daftari lenye simu, vitambulisho na madeni ya ufuo mzima halipaswi kulala wazi kwenye meza ya chai. Hapo pia ile namba isiyo na maana inasaidia. Jedwali la safari na la samaki linaweza kubandikwa ukutani likiwa na namba tu. Jedwali la watu, lenye majina, likae kabatini, na ufunguo wa kabati hilo washike watu wawili waliochaguliwa na mkutano.

Wanaotaka kuanza, anzeni na jedwali hilo la watu. Mkae siku moja ufuoni, asubuhi mitumbwi inaporudi, kila mtu apite mezani apewe namba yake na kusomewa kilichoandikwa juu yake, akirekebishe mwenyewe kabla ya kuondoka. Mitumbwi ifuate siku ya pili. Mkifika kwenye samaki mtakuwa tayari mnajua Otieno ni yupi.